Wayo Mkubwa Kwanza

Paukwa!

"Pakawa!"

Ndiyo nini hiyo, mnaguna? Atakayeguna tena nitampeleka jikoni akasugue masufuria. Paukwa!

"Pakawaaa!"

Haya, sasa mmeamka. Sogeeni, moshi hauumi mtu.

Hapo zamani za kale, kale kweli kweli, kabla hata bibi yangu hajaota jino, wanyama walikuwa na dimbwi moja tu la kiangazi. Dimbwi lilikuwa kubwa, na lilikuwa na sheria yake: wayo mkubwa kwanza. Kila asubuhi wanyama walipanga foleni. Kila mmoja alikanyaga kwenye tope, na Ngiri, aliyekuwa mpimaji, aliupima wayo kwa kamba yake. Mwenye wayo mkubwa alitangulia, mwenye wayo mdogo alingoja. Wakubwa wakishakunywa, walioga. Wakishaoga, waligaagaa. Wadogo walipofikiwa na zamu, jua lilikuwa utosini na maji yamekuwa uji wa tope.

Na msiniulize kwa nini hawakuja usiku. Usiku kulikuwa na Chui, nani angethubutu?

Basi, Bi Digidigi alikuwa amejifungua. Kiu ilimkausha maziwa, na mtoto alilia mpaka sauti ikakatika. Mama asipokunywa asubuhi ile, mtoto hafiki jioni. Bi Digidigi akambeba, akapita foleni nzima, akasimama mbele kabisa.

"We mama, rudi nyuma!" Ngiri akafoka. "Wayo wako huo hata kamba yangu haiuoni!"

Wakubwa wakacheka.

"Kaka Ngiri, nipishe. Maziwa yamenikauka, na mtoto ndiye huyu."

"Pole sana. Lakini sheria ni sheria."

Nyati akadakia kwa nyuma, "Hapa hapendelewi mtu. Sote tunapimwa kwa kamba ile ile. Ukitaka kutangulia, kuza wayo!"

"Kwato hizi nilizaliwa nazo, Bwana Nyati," akasema Bi Digidigi. "Na hizo zako ulizaliwa nazo. Ulizitolea jasho gani?"

Nyati akakohoa, akajifanya anafukuza nzi.

Tembo, mkubwa wa wote, akaja polepole. Hakuwa mbaya huyu, msimchukie bure. "Bi Digidigi," akasema, "mimi sina ugomvi na mtu. Lakini ninyi wadogo ni wengi mno. Mkitangulia ninyi, sisi tutakunywa nini?"

"Mzee, umewahi kutuona tukitangulia?"

"Sijawahi."

"Baba yako je?"

"Naye hakuwahi."

"Sasa mmejuaje kwamba hamtabakiwa na kitu?"

Tembo akayatazama maji. Masikio yakapepea, yakatulia.

"Tupeni asubuhi moja," akasema Bi Digidigi. "Maji yakipungua, nitamchukua mwanangu, nihame, na sitarudi hapa kudai kitu."

"Asubuhi moja," Tembo akakubali.

Nungunungu akajing'oa mwiba mmoja mrefu. Uuu, ilimuuma! Mnaujua mwiba wa nungunungu, una mistari, mweusi, mweupe, mweusi, mweupe. Wakauchomeka dimbwini, maji yakafika kwenye mstari mweupe wa tatu. Ngiri akawekwa kuulinda.

Wakaja sungura, ukoo mzima, wakanywa, wakanywa, wakanywa.

"Yameshuka?" akauliza Nyati.

Ngiri akainama, akatazama. "Bado."

Wakaja nguchiro na watoto wao, wakanywa, wakanywa, wakanywa.

"Yameshuka?"

"Bado."

Mwisho akainama Bi Digidigi mwenyewe. Akanywa mpaka mbavu zikatanuka. Jamani, alikunywa yule!

"Haya, sasa je? Yameshuka?" Nyati akapaza sauti.

Ngiri akainama. Akatazama huku, akatazama kule, akapangusa macho. "Bwana Nyati," akasema kwa sauti ndogo, "maji yako palepale."

Wadogo wakashangilia, wakarukaruka. Tembo naye akafurahi, maana alijiona ametenda jambo jema. Akainua mkonga na kutangaza, "Kuanzia leo nawaruhusu wadogo watangulie!"

"Ahsante, mzee!" wakasema sungura.

"Ahsante, mzee!" wakasema nguchiro.

Bi Digidigi hakusema kitu. Maziwa yalikuwa yameanza kutoka, na mtoto ananyonya, mkia unacheza.

Tembo akangoja. Akangoja tena. "Bi Digidigi, mbona wewe hunishukuru?"

"Mzee," akajibu, na hakupandisha sauti, "huyu ni mtoto wangu wa pili. Wa kwanza alinifia kiangazi kilichopita, kule nyuma ya foleni, nikingoja mmalize kuoga. Leo nimeyaona maji aliyoyakosa. Hayafiki hata mstari mmoja wa mwiba. Nikushukuru kwa lipi?"

Sungura wakaacha kurukaruka. Ngiri akaivua kamba yake shingoni, akaishika tu, hajui aiweke wapi. Nyati akatazama chini.

Tembo akarudi nyuma, akawapisha. Asubuhi ile alisimama kando mpaka kila mnyama akanywa, ndipo naye akanywa, na hakuoga.

Hadithi yangu naiachia hapo, ukingoni mwa dimbwi. Msinikodolee macho, hata mimi sijui Tembo angemjibu nini.