Ngoma Iliyonyamaza Ukunguni

Hapo zamani, milima ilipokuwa bado inalala mchana, palikuwa na kijiji ambako kumtuma mtu kwa jina lake kulikuwa ni kumtukana. Mkubwa husema tu, "Kuni ziletwe," na kuni zikaletwa. "Mtoto abebwe," na mtoto akabebwa. Raha iliyoje! Msinicheke, hata mimi ningehamia huko.

Siku moja mama mmoja aitwaye Naetwe alikwenda ng'ambo ya bonde kumwona dada yake mgonjwa. Pale mlangoni akasema, "Ukungu ukishuka, ngoma ipigwe." Sauti ya ngoma ndiyo iliyowaongoza wasafiri wasiingie korongoni.

Wanawe watatu wakaitikia, "Itapigwa, mama."

Alasiri ukungu ukashuka, mweupe, mzito, mtamu machoni kama usingizi. Kuku wakasinzia. Mbwa wakasinzia. Ngoma haikupigwa. Kisha ikasikika sauti kutoka korongoni, "Wanangu! Niko wapi?"

Ukungu ule huingiwa na mtu mmoja tu, kamba kiunoni, na wengi walioingia hawakurudi. Majirani wakasema, "Aende aliyekosa."

Mchome, kitindamimba, akalia. "Mimi ndiye mpigaji, lakini nilikuwa shambani. Nilikimbia nyumbani, nikakuta kimya. Ngoma si hunyamaza msafiri akishafika? Nikajua mama yuko ndani, nikajilaza."

Namkunda, wa kati, akasema, "Ngoma hukaa kwangu. Nilishika hata vijiti. Nikamwuliza kaka, 'Ngoma je?' Akasema, 'Ipigwe.' Nikadhani Mchome yupo, anasikia. Ningempokonya kazi yake?"

Senkondo, kifunguamimba, akang'aka. "Mimi nilitoa amri! Mkubwa akishasema, amemaliza. Lini mlimwona mkubwa akipiga ngoma?"

"Na mama yenu?" jirani mmoja akanong'ona. "Angetaja mmoja, ulimi ungemuuma?" Wakamnyamazisha. Mtu yuko korongoni, nawe unamsema!

Sauti ikaita tena, ya chini zaidi, kama ya mtu anayeanza kusinzia. Watoto wote watatu walimpenda mama yao, na wote watatu waliogopa. Kamba ilikuwa chini, haijafungwa kiunoni mwa mtu.

Haya, nyie mnaonitazama kwa macho mazito, msiniambie, "Afungwe mmoja wao." Mama anapotea. Tajeni jina! Je, nani alistahili kuingia ukunguni?