Zimwi Lililokataza Matanga

Paukwa!

Pakawa!

Basi sogeeni, na mwenye woga amshike mwenziwe mkono.

Hapo kale watu wa Msanja na watu wa ng'ambo ya mto walipigania chemchemi ya chumvi. Zimwi likashuka mlimani na ngoma. Wapo watakaowaambia lilikuwa kubwa kama nyumba. Waongo hao. Nguzo ya nyumba ilikuwa kijiti chake cha kuchokolea meno.

"Nitawapigia ngoma mshinde," likasema. "Ujira wangu maiti. Na matanga msikae. Piganeni kwanza, mtalia baadaye."

Jumbe Kipengele akakubali upesi. Msanja desturi yao ndiyo hiyo: vita vikiwapo, aliyekufa husemwa yuko safarini, na mama yake humfunikia chakula kwa kawa.

Palikuwa na mama mmoja, jina lake Sikudhani, mwenye wana watatu. Wa kwanza akaenda, hakurudi. Akamfunikia ugali. Wa pili akaenda, hakurudi. Akamfunikia ugali. Basi akamwendea Jumbe, nduguye marehemu mumewe.

"Shemeji, wanangu wamekufa. Nataka kuwalilia."

"Wako safarini. Tupigane kwanza, utalia baadaye."

"Safari gani hiyo, shemeji, mtu hata mkoba hakubeba?"

Jirani yake, Mwamvita, akamcheka. "Wangu wanne wako huko na sijapiga hata chafya. Wewe mwenzetu una moyo wa kuku."

Siku moja ngoma ikamwita Shomari, kitinda mimba. Sikudhani akamng'ang'ania shuka.

"Usiende, baba."

"Wataniita mwoga, mama."

Akaenda.

Sikudhani akafunua zile kawa. Ugali umeota ukungu. Basi akanyoa nywele, akatandika mkeka mlangoni, akawalilia wanawe kwa majina, mchana kweupe. Alilia hata mto ukasimama, samaki wakatoa vichwa kutazama kuna nini.

Mwamvita akaja mbio kumziba mdomo. Alipofika akakaa mkekani, akaanza kuwataja wake wanne. Na ng'ambo wanawake wakasikia, wakaitikia.

Huko vitani zimwi likanguruma, "Piganeni kwanza, mta..." Likakwama. Lilikuwa likinenepa kwa maiti wasioliliwa, na sasa kila jina lililotajwa likalipasua ubavu mmoja. Likapasuka lote. Ngoma ikanyamaza.

Mnangoja watu watoke tumboni wazima, wakicheza? Hawakutoka. Ilitoka mifupa, lundo refu hata mawingu yakapita kando.

Shomari alirudi, na jicho moja.

Mifupa ya Msanja na ya ng'ambo ilikuwa imechanganyika. Sikudhani akachukua mafuvu mawili, akazika. Mama mmoja wa ng'ambo naye akachukua mawili, akazika. Hakuna aliyejua amezika wa nani.

"Sasa," Jumbe akauliza, "chemchemi ni ya nani?"

Watu walikuwa wanachimba.

Hadithi yangu imeishia hapo, penye makaburi. Mtu akikukataza kumlilia maiti wako, muulize yeye anakula nini.