Rangi Isiyokauka

Nilikwenda Tanga kumsalimia mwanangu, nikamsalimia miezi mitatu. Jiko la mkewe, Mwanakheri, nikalishika mimi. Mwiko haukuinuka bila ruhusa yangu, na chumvi niliitia mwenyewe, maana najiona najua.

"Mama, na mimi ningependa kumpikia mume wangu," akasema siku moja.

"Utampikia nikifa," nikamjibu.

Wiki ile ile akaleta fundi, naye akayapaka makabati yote ya jikoni rangi ya maziwa.

"Fundi anasema unyevu huu wa masika unachelewesha rangi," Mwanakheri akaniambia. "Tukipika, mvuke utaiharibu. Tutakula kwa jirani mpaka ikauke."

"Na nani atajua kama imekauka?"

"Wewe, mama. Kidole chako nakiamini kuliko cha fundi."

Kichwa kikanivimba. Kila asubuhi niligusa mlango wa kabati, na kila asubuhi kidole kilinata. Kwa jirani nilipewa kiti, mwiko sikupewa. Baada ya wiki mbili za kukaa kama mgeni, nikachoka.

"Narudi kwangu Muheza," nikatangaza.

"Utatuacha na rangi mbichi, mama?" akauliza, na begi langu tayari lilikuwa mkononi mwake.

Nikagusa kabati mara ya mwisho. Kidole kikanata.

Mlangoni kwangu nikalamba kidole kile nipate kufungua fundo la kanga lenye ufunguo. Kilikuwa kitamu. Nikalamba tena. Rangi ilikuwa imekauka zamani. Ile ilikuwa shira ya visheti, niliyomfundisha kuipika mimi mwenyewe.

Ila iliki alizidisha.