Kinyozi na Kompyuta Iliyokatazwa Kulala

Kinyozi wa mtaa wa chini alinyolea watu katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Alikuwa na viti vitatu, na siku hizi viwili vilikaliwa na vumbi. Ng'ambo ya barabara ilikuwa imefunguliwa saluni mpya, yenye viti vinavyozunguka kama pia na televisheni pana kama mlango. Wateja walihamia huko kama kuku waliotupiwa mtama. Mwenye saluni, ambaye hakuwa mchoyo wa maneno, alimletea salamu: "Mzee, funga hicho kibanda. Jumatatu njoo ushike mashine kwangu."

Kinyozi alikuwa bwana wa mkasi wake tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Aliomba muda wa kufikiri, na kufikiri kwenyewe kukamkondesha.

Shemeji yake, dada wa mkewe, alikuwa fundi wa kompyuta. Alipokuja kuwasalimu, alikuta mlango umezuiwa kwa kompyuta ndogo ya kukunja, kuukuu, iliyotupwa na ofisi fulani. Kioo chake kilikuwa kimepasuka kama tope la kiangazi.

"Shemeji, hii umeifanya kigingi?"

"Ukiiwasha asubuhi inaamka adhuhuri. Nikasema angalau izuie mlango."

"Si mvivu huyu. Amebebeshwa gunia la saruji. Tumpe mfuko wa pamba uone."

Akaifuta mfumo wake mzito, akaiwekea Linux, mfumo wa bure usio na makuu, uliotosheka na nguvu kidogo zilizobaki. Kisha akaifanya seva, yaani ghala la nyumbani. Simu yoyote iliyo jirani ingejiunga nayo hewani na kuchota kilichomo, bila intaneti wala kifurushi.

"Ghala la nini, nami sina hata filamu moja?"

Shemeji akakigeukia kiti cha tatu. Hapo aliketi Mzee Breki, dereva mstaafu wa malori, mteja mwaminifu ingawa kichwani hakubakiwa na unywele wa kunyoa. Alikuwa akisimulia jinsi alivyoshuka mlima mzima kinyumenyume kwa sababu gia nyingine zilikuwa zimenuna.

"Mali hiyo hapo," shemeji alisema. "Babu, tukurekodi?"

"Rekodini, binti yangu. Ila msinikatize uongo. Ukikatwa haumei tena."

Seva ikajazwa visa. Siku ya kwanza wateja wawili walianza kusikiliza, na kinyozi, kwa huruma tu, akakifunga kifuniko cha kompyuta ili nywele zisiingie. Visa vikakatika, pu! Wale wawili wakaguna, wakavuka barabara. Kinyozi akampigia shemeji simu.

"Imekufa, shemeji. Basi, Jumatatu naenda kuwa mtumwa wa watu."

"Uliifanya nini?"

"Nimeifunga tu."

"Umeilaza mwenyewe, kisha unaililia matanga!"

Akaja na kompyuta yake, akaingia katika seva kupitia hiyo, akaandika amri moja: kifuniko kikifungwa, usilale. "Sasa ni mlinzi," alisema. "Macho kayafumba, masikio yako wazi."

Jumamosi umeme ukakatika mtaa mzima. Ng'ambo, televisheni ikawa ukuta mweusi na mashine zikanyamaza. Kwa kinyozi, kompyuta kuukuu iliendelea kwa betri yake, ikiilamba kidogo kidogo kama mtoto mwenye peremende moja. Wateja wachache walikuwa wamechomeka waya masikioni, kila mmoja na kisa chake, hivyo kicheko kililipuka huku, mara kikalipuka kule, mpaka wapita njia wakadhani humo ndani mna wazimu. Wa kwanza kuvuka kutoka saluni alikuwa jamaa aliyenyolewa nusu kichwa.

"Mnanicheka mimi?" aliuliza mlangoni.

"Bado, mwanangu," Mzee Breki alimjibu. "Keti kwanza, zamu yako itafika."

Kinyozi akachukua mkasi, ambao haujui umeme ni nini. Kabla hajaimaliza ile nusu ya pili, viti vitatu vilikuwa vimejaa, benchi limejaa, na kizingiti kina wenyewe. Umeme uliporudi hakuna aliyeinuka. Lori la Mzee Breki lilikuwa bado halijafika bondeni.

Jumatatu mwenye saluni alikuja mwenyewe. "Mzee, kazi unaitaka au huitaki?"

"Siitaki, bwana mdogo, ahsante," kinyozi alisema bila kuinua macho kutoka kichwa alichokuwa akikinyoa. "Ila ukitaka kunyolewa, foleni inaishia pale kwenye benchi."

Yule bwana akaitazama foleni, kisha kile kidude chenye kioo kilichopasuka. "Ndicho kilichowavuta hiki?"

"Hicho, pamoja na uongo wa Mzee Breki."

Mwenye saluni akasogezewa nafasi, akaketi na kutoa simu yake. Ofisi iliona takataka, na kinyozi mwenyewe aliona kigingi cha mlango, lakini humo ndimo alimopata riziki ya nyumba yake. Wahenga hawakutania waliponena kwamba ganda la mua la jana, chungu kaona kivuno.