Kishungi, Kuku wa Mkata

Paukwa!

Pakawa!

Hizo ni sauti za watu au za vifaranga walionyeshewa? Paukwa!

PAKAWA!

Haya, sasa mmeamka. Sogeeni, na anayesinzia asije akaniangukia motoni.

Zamani hizo, kuku waliposema na watu wakawasikia, palikuwa na mama mmoja, jina lake Bi Mize. Alikuwa mkata, hana mbele wala nyuma. Alikuwa na wawili tu wa kujivunia: binti yake Mwanaiki, aliyeolewa kijiji cha mbali, na kuku mmoja mwenye shungi la manyoya kichwani, aitwaye Kishungi.

Siku moja akaletewa habari kwamba Mwanaiki ana mimba changa, na miezi ikitimia atakuja kujifungulia kwa mama yake. Bi Mize alipiga vigelegele, kisha hofu ikamwingia. Desturi mnaijua: mzazi hunyweshwa supu ya kuku mpaka nguvu zimrudie. Mwanawe asipopata supu, yeye mama atauficha wapi uso wake? Na kuku ni huyo mmoja, amekonda, hata yai hatagi.

Jirani yake Bi Raya, mwenye kuku wengi wasiojua hata mlango wa kulala, akachungulia juu ya ua. "Shoga, huyo mchinje tu umalize. Hukusikia walivyosema? Kuku wa mkata hatagi!"

Bi Mize akamkamata Kishungi, akampakata, akapapasa mifupa yake. Kuku akasema, "Ko-ko-koo! Si ukata, Bibi. Nitazame."

Bi Mize akamtazama. Akatazama anakula nini: pumba tupu. Anakunywa wapi: kwenye dimbwi la maji ya vyombo. Analala wapi: jikoni, kwenye moshi na unyevu. "Masikini, nimekufuga bila kukuona," akasema. Akachukua chungu kibovu, akakijaza mabua na kinyesi kikavu cha ng'ombe, akakifudikiza karibu na kichuguu. Kulipokucha, chungu kimejaa mchwa, akammwagia Kishungi ale! Akatwanga makombe ya konokono, akayachanganya na pumba. Akaweka maji safi kwenye kigae, kivulini. Akajenga tundu la fito, akaliinua juu ya miguu lisipate unyevu. Haukupita muda, ua mzima ukasikia, "Ko-ko-ko-kodaa!" Yai! Na kesho yake jingine.

Mayai yalipojaa kiota, Kishungi akaatamia. Lakini mara akawa anaondoka, anarudi, anaondoka tena, na mayai yanapoa. Bi Raya akachungulia. "Shoga, si nilikwambia? Akitaga haangui!"

"Ko-ko-koo! Si ukata, Bibi. Nitazame."

Bi Mize akamwinua bawa, akatazama. Loo! Utitiri umemjaa tumboni, unamla mzima mzima. Ungekaa wewe? Akazichoma nyasi zote za kiota, akapaka majivu, akatandika nyasi mpya na majani ya mwarobaini, akampaka kuku majivu mpaka chini ya manyoya. Kishungi akarudi juu ya mayai, akavimba, akanuna, hasogei hata kwa mfalme. Akila, ni punje mbili tatu, mbio arudi. Mayai anayageuza kwa mdomo, moja moja, ya pembeni yaje katikati. Nani kamfundisha? Mimi nikipita mbele ya kuku anayeatamia, humpa shikamoo. Chekeni tu!

Siku zikatimia, vifaranga wakatoka, wengi kuliko vidole vya mikono yangu. Bi Raya akachungulia. "Haya, tutaona. Akiangua halei!"

Hata neno halijamtoka vizuri, Mwewe akatua juu ya paa. "Hodi, Bi Mize! Nimefuata haki yangu."

"Haki gani?"

"Hukusikia walivyosema? Kuku wa mkata akilea, mwewe hunyakua. Si maneno yangu, ni ya babu zenu. Niletee vifaranga wangu."

Bi Mize alinyong'onyea. Maneno hayo ameyasikia tangu utoto, na maneno ya wazee nani atayapinga? Akamwona moyoni Mwanaiki ananyweshwa maji ya moto matupu.

"Ko-ko-koo!" Kishungi akapiga kelele. "Si ukata, Bibi! Nitazame!"

Bi Mize akamtazama. Kuku ametanua mabawa, watoto wote wako chini yake, jicho moja liko ardhini na jingine kwa Mwewe. Mdogo, hana kucha za maana, na harudi nyuma hata hatua moja. Kuku yule hakuwa na habari kwamba yeye ni wa mkata! Bi Mize akaona haya, kisha akacheka kwa nguvu.

"Mwewe, methali yako naijua. Lakini yenyewe inasema kuku wa mkata. Huyu ni kuku wa Mize. Nenda ukamtafute huyo mwingine!"

Mwewe akashuka kwa hasira. Bi Mize akanyakua tenga, akamfunika Kishungi na wanawe. Kucha za Mwewe zikanasa kwenye tenga, akajinasua kwa taabu, manyoya yakabaki pale. Tangu siku hiyo vifaranga walichakura chini ya mibaazi, na Bi Mize alipokwenda shamba, aliwaacha ndani ya tenga. Mwewe akahamia kwa Bi Raya, kwenye kuku wasio na mlinzi.

Mwanaiki akaja, akajifungua salama, na supu ikachemka. Mnaninunia? Majogoo hufugwa wakaliwa, na yule wa kwanza alikuwa mchokozi!

Bi Raya akaja kumtazama mtoto. Akapewa bakuli, akanywa, ulimi wake ukarudia mazoea: "Shoga, kuku wa mkata..."

Mwanaiki akainua uso kutoka kwenye supu. "Mama, mkata ni nani?"

Bi Raya akatazama uani, kuku wamejaa, Kishungi mbele yao. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Shoga yangu, kwangu Mwewe amemaliza."

Bi Mize hakumcheka. Akakamata tembe mzuri, hajaanza kutaga, mwenye shungi kama mama yake, akamfunga kamba mguuni kama kuku mgeni anavyofungwa, akamkabidhi. Bi Raya akampakata. Tembe akageuza shingo, akasema, "Ko-ko-koo! Nitazame."

Ngano yangu imeingia tunduni, nami nafunga mlango.