Nyumba Mia Tatu za Bwana Nyati

Hapo zamani za kale, na sogeeni karibu maana koo linanikwaruza, palikuwa na kilima kikavu walikoishi pimbi. Pande tatu magenge matupu yasiyoshukika. Upande wa nne yalisimama majabali mawili, na katikati yao upenyo mmoja. Kuingia ni hapo, kutoka ni hapo. Hakuna kwingine, msiniulize.

Huko juu aliishi Bi Pimbi, mlina asali, pamoja na mama yake mzee ambaye magoti yalikwisha kukataa kazi. Kiangazi kimoja moto wa nyika ulipanda kilimani, vuuu! Bi Pimbi alimbeba mama mgongoni, akapenya naye huku manyoya ya mama yanaungua. Tangu siku ile, upepo ukivuma tu, moyo wake unapiga pu! pu! pu!

Kiangazi kilichofuata, Bwana Nyati akaja kwenye baraza la Jumbe na karatasi, Kifaru nyuma yake.

"Nyumba mia tatu kilimani!" alinguruma. "Mabati mekundu, madirisha ya vioo! Kifaru huyu ameshachagua kiwanja."

Pimbi wakaruka juu. "Na moto je? Tutatokea wapi?"

"Moto, moto! Nyie mnaogopa hata jiko. Ho! ho! ho!"

Jumbe wa nchi ile, Mzee Tembo, alikuwa anasinzia. Ndivyo walivyo wakubwa, wadogo wakisema wao husinzia. Akafumbua jicho moja. "Nimewasikia. Kesho nitatia mguu."

Muhuri wa Jumbe ulikuwa mguu wake uliochovywa wino. Ukitua kwenye karatasi, basi, neno limekwisha.

Bi Pimbi alirudi nyumbani akihema. Hakula.

"Mwanangu, mbona unahema hivyo?" mama akamuuliza.

"Mama, mwaka jana tulikuwa pimbi arobaini kwenye upenyo ule, na nilikuponya kwa bahati tu. Wakija hawa wenye mapembe, nitakupitisha wapi?"

Mama alimshika mkono.

Asubuhi Bi Pimbi akajipaka mafuta, akaenda kwa Jumbe na uso wa furaha ambayo hakuwa nayo.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba. Umekuja kunililia tena?"

"La, baba, nimekubali yaishe. Lakini utie mguu hapa, kwenye vumbi la baraza? Si heshima yako. Njoo utie kiwanjani kwenyewe. Asali mpya ipo, na maboga nimeshachemsha."

Tembo aliposikia maboga akasimama. "Nyati! Mwite Kifaru, tunapanda!"

Walipita upenyoni mmoja mmoja, kwaru, kwaru. Tembo alivuta tumbo ndani mara tatu.

"Panabana kidogo," akasema.

"Kidogo tu, Jumbe, kidogo tu," Nyati akajibu haraka.

Walipokuwa wanakula, Bi Pimbi akaingia pangoni mwake. Walina asali wana ufundi wa kutoa moshi usio na moto: makaa machache chunguni, majani mabichi juu yake, nyuki wote wanalegea. Akafanya vivyo hivyo, na mitungi miwili ya maji ameiweka pembeni, maana cheche moja ilimtisha kuliko simba. Je, wakigundua? Je, mguu ukitua kabla moshi haujatoka? Alipepea kwa nguvu.

Moshi ukatoka mzito, fuuu! Jumbe ameshauchovya mguu, ameuinua juu ya karatasi. Nyati akanusa. Macho yakamtoka.

"Moto! Mama yangu, moto!"

Ndiyo, Nyati yule yule. Bi Pimbi hakuwa amesema neno.

Gudu! gudu! gudu! Nyati akaikanyaga karatasi yake mwenyewe, ikachanika vipande vipande. Wakafika upenyoni wote watatu kwa pamoja. Paa! Wakakwama.

"Nitolee pembe mbavuni!"

"Sogea wewe!"

"Naungua mie!" alilia Kifaru, na wala hapakuwa na joto.

Nyuma yao ikasikika sauti ndogo. Ni yule mama, yuko mgongoni kwa mwanawe.

"Jumbe, nipishe nipite. Siwezi kukimbia."

Tembo alijaribu. Alijikunja, alisukuma, hata unene wa kidole hakusogea.

"Mama, siwezi," akasema, na machozi yakamdondoka. "Mama, hapana njia."

"Hakuna moto, Jumbe," Bi Pimbi akasema. "Ni moshi wa kulinia asali. Lakini ungekuwa moto, mama yangu angefia nyuma yako. Nanyi mko watatu tu. Nyumba mia tatu zitatoa wangapi?"

"Ametudanganya!" Nyati akafoka.

"Mimi nimefukiza tu, bwana. Aliyesema moto ni wewe."

"Nyati," Tembo akasema, "toa pumzi nje, na ukishaitoa, unyamaze."

Walinasuka jua limeshapinda. Tembo akausugua mguu kwenye mchanga mpaka wino ukaisha wote.

"Jumbe, nitaongeza madirisha!" Nyati akabembeleza.

"Shuka, Nyati. Kilimani hapa hajengi mtu."

Bi Pimbi akayamwagia makaa mtungi wa kwanza, chwaaa, kisha wa pili. Halafu akamkalisha mama kivulini, naye akakaa, na kwa mara ya kwanza tangu jana akaomba chakula.

Basi wanangu, anayekuja kuwajengea nyumba nyingi, kabla hamjamsifu muulizeni kwanza: siku ya moto, asiyeweza kukimbia atapita wapi?