Bosi Asiyeshuka Garini

Tairi la gari lilikuwa limeisha hadi kuwa kipara, lakini Bosi Kihwelo alikataa kununua jipya, akidai kipara ni dalili ya utajiri. Tairi likapasuka mlimani. Dereva wake, Nyamizi, akamwomba ashuke, maana kupiga jeki gari likiwa na mtu ndani ni hatari.

“Nikanyage vumbi na suti hii? Mimi nalala. Utajua mwenyewe.”

“Lala salama, bosi.”

Nyamizi akakata matawi. Mengine akayatandaza barabarani kuwaonya madereva, mengine akayachomeka kwenye boneti. Wapita njia wakavua kofia, naye akawanong’oneza jambo. Wakafungua mlango taratibu, wakamshika bosi miguu na mabega, wakamlaza majanini kwa heshima zote.

Bosi akapiga yowe. Wakatimua mbio.

“Nyamizi! Umewaambia nini?”

“Kwamba marehemu hawezi kushuka mwenyewe,” alijibu, akizungusha jeki.